Malisho ya Kiangazi

Musoma, Alhamisi, Agosti 1954

Na mimi ndiye niliyemkaripia Wambura mbele ya mzungu.

Asubuhi niliwasomea vijana gazeti: huko Kenya watu wanaondolewa mashambani mwao na kufungiwa katika vijiji vilivyozungushiwa uzio. Nikawaambia jiografia ni hiyo, si kukariri mito. Nani anakaa wapi, na kwa ruhusa ya nani.

Bwana Shauri, yule mzungu anayetawala wilaya, akaingia, akaketi nyuma. Nilitaka aone kwamba hawa si mazuzu. Nikawauliza baba zao hupeleka wapi ng'ombe kiangazi. Wakashindana kuchora njia za nyikani ubaoni.

Ikafika zamu ya Wambura. "Ng'ombe wetu wanakaaga nyumbani tu, mwalimu."

"Acha uongo. Kwenu Bunda saa hizi hata mbuzi hashibi."

Darasa likacheka. Bwana Shauri akauliza kwa upole, "Na maji wanakunywa wapi?" Wanafunzi wengine wakamtajia kila kisima.

Serikali inataka kuifunga ile nyika iwe ya wanyama pori. Nimelipigia kelele jambo hilo mwaka mzima, na leo nimewapa ramani.

Kwetu mgeni haambiwi ng'ombe waliko. Nililelewa hivyo.

Jioni nilimkuta Wambura bwenini akifunga sanduku lake. "Naenda kumwambia baba awahamishe kabla askari hawajafika."

Nikamwuliza watawahamishia wapi.

Akanitazama, akasema kama anayemsalimu mgeni, "Shikamoo, mwalimu," akaondoka.