Sanda Iliyobaki Ndani ya Sefu

Magomeni, Bagamoyo
Jumatatu asubuhi

Kwako Dada yangu Mwanvita,

Shikamoo, Dada. Nataraji barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba ile presha imetulia tangu uliporudi Mwanza. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mke wangu Shufaa yuko salama, na watoto wanakuulizia kila siku, hasa yule mdogo uliyemzoesha kashata. Mvua zimeanza. Kutoka Fukayosi wanasema mahindi waliyopanda kwenye shamba la Mama yamechipua vizuri, ingawa mwenyewe hayupo wa kuyapalilia.

Najua utashangaa kupokea bahasha kwa mkono wa Haji badala ya kusikia simu ikilia. Simu ninayo na vocha ninayo. Lakini kila nikikupigia kukueleza jambo hili, unanitangulia kwa kunishukuru, nami naishia kukuuliza bei ya sato. Kwenye karatasi hutaweza kunishukuru kabla sijamaliza.

Nianzie kwenye sefu ya Baba. Unaikumbuka vilivyo, maana ndiyo iliyokuwa kiti chako tulipokuwa tukimsubiri afunge duka kule Fukayosi. Baba alipofariki, Mama aliifanya kabati la kitu kimoja tu, ile sanda mliyorudi nayo kutoka Makka ulipompeleka hija, bafta uliyoisuuza kwa maji ya Zamzam kwa mikono yako mwenyewe. Aliiweka humo kwa sababu ya panya, na pia, kama alivyopenda kusema, kwa sababu ya wajukuu wasije wakaifanya kibanda cha mchezo.

Mama alipozidiwa, mwezi wa Rajabu, nikaamua kumleta kwangu. Alikubali kwa sharti kwamba sefu ije naye. Wewe ukanipigia ukaniambia niitoe sanda kwanza, niibebe mkononi. Unakumbuka nilivyokujibu. Nilicheka, nikasema chuma hakiogopi makorongo, na mambo ya mizigo niachiwe mimi. Ally akaleta gari lake, tukailaza sefu chali, ikaja ikirukaruka hadi mjini. Nikaisimamisha ukumbini, kwenye kona pale marumaru yanapoishia na sakafu ya saruji inapoanza, maana nyumba ya nduguyo, kama ujuavyo, haijawahi kumalizika.

Nilipojaribu kuifungua, ufunguo uliingia na kuzunguka kama kawaida, lakini mkono wa mlango haukushuka hata kidogo. Nikatia mafuta ya cherehani. Nikaugonga kwa nyundo niliyoizungushia kitambaa ili Mama asisikie huko chumbani. Shufaa akanishauri niite wanaume wa jirani waisogeze tuitazame vizuri, au nimlete fundi. Nikamkaripia. Akilini nilimwona fundi akikata mlango kwa moto mbele ya majirani, nikamwona Mama akiuliza kulikoni, nikakuona na wewe ukisema nilikuambia. Nikampa Shufaa jibu langu la siku zote, kwamba naijua dawa yake. Sikuwa najua lolote, Dada. Nilikuwa naona haya tu, na haya ikanifanya nikae kimya.

Shaaban ikaingia. Unajua desturi ya Mama, kila Shaaban aliitoa sanda, akaifukiza udi, akaikunja upya kabla ya Ramadhani. Safari hii hakuweza kuinuka, na macho yake yalikuwa yamebaki kuona mwanga tu. Akaniomba mimi niifanye kazi hiyo, kisha nimletee aiguse. Nikamwambia nimesikia, Mama. Nikaenda sokoni nikanunua bafta mpya. Nikaikata vipande vitano kama inavyotakiwa kwa mwanamke, nikaifua ili itoke ule ugumu wa dukani, na ilipokauka nikawasha chetezo pale pale mbele ya sefu ili harufu ya udi imfikie kitandani. Kisha nikampelekea.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akapapasa pembe moja, akaitafuta nyingine, akaigeuza, akapapasa na zilizobaki, taratibu, mimi nimesimama jasho linanitoka. Halafu akaniambia niirudishe mahali pake, na kwamba nisijisumbue sana, mtu huenda kwa Mola wake na kile atakachojaaliwa. Akaniombea dua. Shangazi Mina alipokuja kumtazama jioni ile, Mama mwenyewe alimwambia kwamba Mwinjuma amemtolea sanda yake, ameishika, haina kasoro. Nilikuwa mlangoni nikasikia, nikashusha pumzi. Nilijiona mjanja. Nikasema sasa nina nafasi, baada ya Idi nitaleta fundi taratibu, na hakuna atakayejua.

Mengine unayajua. Idi ilipita, na siku chache baadaye, baada ya sala ya alfajiri, Mama akatutoka. Nilikwenda kwenye sefu, nikaung'ang'ania ule mkono mpaka kiganja kikachubuka. Haukushuka. Wanawake walikuwa wameshaanza kumwosha, na Shangazi Mina akatoka kuja kudai sanda. Nikampa ile bafta ya sokoni. Akaibusu. Akawapitishia wenzake wainuse, wakalia, wakasema hiyo ndiyo baraka ya Makka. Nilisimama nikiwatazama wakilia kwa ajili ya udi wangu, na sikufungua mdomo. Mama yetu amezikwa ndani ya kitambaa nilichonunua ili kumdanganya.

Wewe ukafika kesho yake, umechoka na safari, umekosa hata kumtia Mama mchanga. Ukaniambia kitu kimoja tu kinakupa nguvu, kwamba mikono yako haikuwahi kumzika lakini ilikwenda naye kaburini ndani ya ile sanda. Ukanishukuru kwa kuitunza. Ungenipiga kofi ningelipokea kwa furaha.

Sasa sikiliza kilichonimaliza. Ile siku ya mazishi wanaume waliisukuma sefu hadi katikati ya ukuta ili mikeka ienee. Ukakaa matanga yote umeiegemea. Ulipoondoka nikautia ufunguo, kwa hasira tu, na mkono ukashuka bila hata kulia. Kumbe kule konani mguu mmoja ulikuwa umekanyaga ukingo wa marumaru, sefu imekaa upande, na mlango umejibana. Iliposimama sawasawa ikafunguka. Wanaume wawili tu wa jirani, Dada, na neno moja la kuomba msaada. Shufaa alikuwa ameniambia.

Sanda ilikuwemo, nyeupe, imekunjwa na Mama mwenyewe. Nitakwambia ukweli wote. Wazo langu la kwanza lilikuwa kuificha. Nani angejua? Nikaitoa ili niipeleke pengine, na kwenye pembe ya kipande cha juu vidole vyangu vikakuta fundo dogo. Nikalitazama. Mama alikuwa amefunga karafuu chache kwenye ile pembe, akalizungushia uzi mara nyingi. Naamini alifanya hivyo macho yalipoanza kumpotea, ili aitambue sanda yake kwa mkono.

Nikakaa chini pale sakafuni. Alipapasa pembe zote, Dada. Alilitafuta fundo na hakulipata. Alijua, akanirudishia kitambaa changu, akaniombea dua, kisha akamwambia Shangazi Mina kwamba haina kasoro. Mama alikwenda bila sanda yake ili mimi nisiaibike mbele ya watu.

Ndiyo maana nakuandikia. Sitaki kusitiriwa tena. Utakapokuja kwa arobaini nitasimama mbele ya Shangazi Mina na wote walioinusa ile bafta, niwaeleze mwenyewe. Lakini nimetaka ulisikie wewe kwanza. Sanda nimeiacha mahali pake, fundo sijalifungua. Uamuzi juu yake ni wako, maana mikono iliyoisuuza ni yako. Nisamehe, Dada. Nimekunyang'anya kitu kimoja ulichobaki nacho.

Shufaa anakusalimu sana. Habari hii nimeshamweleza, na tangu jana tunazungumza kwa shida. Watoto wanakuamkia. Msalimie shemeji, na mwambie Haji asirudi mikono mitupu kama kuna samaki furu wakavu.

Nakuamkia tena, shikamoo. Ukishasoma, ukiweza, nipigie. Usiseme kingine chochote kama moyo haujataka. Niitikie tu marahaba, nijue kwamba bado nina dada.

Ni mimi nduguyo,
Mwinjuma