Ampli ya Melkiori na Ubeti Wako wa Mwisho

Gode,

Hata ukiwa kaburini watu wanakusifu. Juzi baada ya misa wamama wa kwaya walikaa wakisema hakuna tena sauti ya kwanza kama yako, na mimi niliyesimama kando yako miaka yote na sauti ya pili nilikuwa hapo hapo, napanga viti. Nakuonea wivu, dada. Nilikuonea ukiwa hai, na kufa kwako hakujanisaidia kitu.

Nikupe habari za nyumbani. Siku ya kuganduka inakaribia, familia itaondoa msiba, na mume wako Melkiori anataka wageni wakusikie ukiimba pale sebuleni kwenu Gihosha, kwenye ile rekodi yetu ya mwisho. Redio yenu inakufanya uimbe kama uko ndani ya ndoo. Akaja kwangu, kwa kuwa mi ndiye nashughulikia vyombo vya kwaya, nimsaidie kuchagua ampli ya kukuza sauti. Nilitaka kumwambia atafute mwingine. Nikaenda.

Tuliingia kwa Mzee Salumu, yule mfanyabiashara wa Rohero anayeuza vyombo vilivyotumika, tukampa rekodi kwenye fleshi. Ampli za taa, zile zenye vioo vinavyowaka ndani, alizikataa mwenyewe. Alisema kwa umeme wetu huu wa kupanda na kushuka zitatusumbua, tuchukue ya transista. Ya kwanza ilikuwa mpya, ina nguvu nyingi. Hapo, Gode, ulijaa duka zima. Mimi sikusikika kabisa. Lakini kila "s" yako ililia kama mafuta kwenye kikaango, na besi ilikuvimbisha kifua ukawa mtu mwingine. Melkiori alifuta macho, akasema ifungwe twende.

Mzee akakataa. Alileta nyingine, nzito, ya zamani, yenye vifungo viwili tu, akapunguza sauti mpaka ikawa sawa na mtu anayeongea mezani. Alisema ukipaza, kila ampli ni nzuri. Sauti ya binadamu inapimwa ikiwa chini. Tukainama karibu na spika. Nikakusikia ukivuta pumzi, nikasikia midomo yako ikifunguka. Na chini yako, safi, nikajisikia mimi. Sikukulilia hata kidogo. Nilifurahi.

Halafu ukaja ubeti wa mwisho. Ulikuwa umeshaanza kuumwa. Unajua desturi yetu toka tukiwa wasichana: pumzi ikikuishia unanibana kiwiko, mi napanda juu, nachukua sauti yako mpaka upate nguvu. Siku ile ya kurekodi kanisani ulinibana mapema, na hukurudi. Ubeti mzima ni mimi. Kanisa likakupigia makofi wewe, na we ukayapokea, ukaniambia tu njiani, "Ahsante, we ni mutu." Ahsante sikuitaka, Gode. Nilitaka makofi.

Kwenye ampli ile mpya hakuna ambaye angetambua. Kwenye hii, Melkiori aliinua kichwa.

"Hapa sauti imegeuka. Ni nani?"

Mungu wangu, jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nilikuwa nalo toka siku ile. Nikamwona ameshika kofia kwa mikono miwili, anangoja.

"Ni Gode," nikasema. "Alikuwa amechoka."

Akainunua hiyo. Nimeifunga mwenyewe sebuleni, spika nikazitenga na ukuta ili sauti isivume. Sasa kila akirudi kutoka kazini anaweka ule ubeti, si mwingine. Anasema hapo ndipo anasikia ulivyojikaza, hapo ndipo uliimba vizuri kuliko siku zote. Kwa hiyo nakuonea wivu hata kwa sauti yangu mwenyewe. Umeona ulikonifikisha?

Pumzika, dada. Siku ya kuganduka wageni watakaa, ubeti utafika, watalia, watasema hakuna tena kama wewe. Nitakuwa karibu na ampli, na nakuahidi nitafunga mdomo, siku hiyo na siku zote. Lakini pale uliponibana bado panauma, na we ndiye pekee unayejua kwa nini.

Mimi, sauti yako ya pili,
Spesioza