Mirija Sita Iliyonyolewa

Chumba cha nyuma, ghorofa ya chini,
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Wifi hajambo? Kikohozi cha watoto kimekwisha? Sisi tunashukuru, ila mgongo wa Mama haupandi tena ngazi bila bega langu. Mimi mzima. Miaka ishirini na sita ya kuosha chupa na kuendesha mashine za maabara haijaniua, na barua yako nayo haitaniua.

Unasema makala yako inatiliwa shaka, na kwamba sasa jina langu litaongezwa, kama mtayarishaji wa sampuli. Ilipotoka nililitafuta jina hilo mara tatu, hadi kwenye shukrani, nikamkuta fundi wa friji. Leo jambo limeanza kunuka, nami nimeonekana.

Nikukumbushe basi, maana usomi nao una usahaulifu wake. Kirusi kikichomoka kwenye seli hubeba tumboni baadhi ya vimeng'enya vya seli hiyo. Lakini seli humwaga pia vijifuko vya takataka, vya ukubwa uleule, na mashine ya kuzungusha mirija huvizamisha vyote pamoja hadi chini. Ndiyo maana tunanyoa: tunatia kimeng'enya kinacholamba protini za nje, vijifuko vinakuwa vyepesi, havizami tena. Kilichomo ndani ya kirusi hakiguswi, kwa hiyo kinachobaki ndicho kirusi ilichokibeba kweli.

Nilinyoa mirija sita. Kile kimeng'enya kinachosindikiza uzi ambao kirusi huutumia kuanza kujinakili kilibaki tisini na mbili kwa mia. Cha pili, kipenzi chako, kilibaki nne. Nne kwa mia, bwana. Nilikupigia siku ileile, ukacheka: "Dada, wewe kuwa mikono, kichwa niachie mimi." Ukachapisha kwamba vyote viwili vimo ndani ya kirusi, kwa vipimo vya mirija ambayo haijanyolewa.

Wenzako wamenyoa ya kwao, wamepata nne kama mimi. Nawe unataka niandike kwamba nilisahau kunyoa, nikakupa mirija ghafi na kukudanganya.

Mama alinisihi niandike. "Mkubwa ni jalala," alisema. Nimekuwa jalala tangu ukiwa darasa la tano, Mama anajua, na jalala nalo hujaa.

Nilikungoja siku kumi na moja uwaambie wahariri mwenyewe. Jana nimewatumia nakala za daftari langu, ukurasa wa 41 hadi 44. Nimewaambia kimeng'enya cha kwanza ni kweli tupu, na hapo ulifanya kazi safi. Cha pili wakifute. Jina langu liwekwe penye mirija sita, au lisiwekwe kabisa.

Msalimie wifi, na wanao uwaambie shangazi anawawaza. Mjomba fundi cherehani anakusalimu. Mungu akupe kifua cha kusimama mbele ya wenzako.

Mama bado hajui nilichotuma. Mpigie umweleze mwenyewe.

Akupendaye hata leo,
Dada yako