Mahali Mkono Wangu Haufiki

Jumatatu, 3 Machi

Mzigo umefika. Mdogo wangu kautuma kwa basi, kauzungushia utepe wa gundi mpaka nikalazimika kuchukua mkasi wa kukatia vitambaa. Ndani kuna vitu viwili: mto wa joto wa kuchomeka kwenye umeme, na kimashine kidogo kama rimoti, kina nyaya na vibandiko. Unabandika panapouma, unawasha, kinapiga shoti ndogondogo. Eti misuli inalegea.

Akapiga simu kabla sijamaliza kufungua. Mtaalamu wa viungo wa hospitali ya huko kwao ndiye aliyemwelekeza. Huko kwao! Tangu lini kwao ni huko? Ameolewa juzi tu. Haya, mwaka jana. Kwangu mimi ni juzi.

Nikamshukuru. Sikumwambia kwamba nilipoitwa stendi, moyo uliruka — nilidhani ni yeye mwenyewe kashuka.

Alhamisi, 6 Machi

Sketi za shule. Marinda, marinda, marinda. Adhuhuri bega la kulia limeshakuwa ubao, na lile fundo chini ya mfupa wa bega linavuta mpaka shingoni. Maisha yangu yote nimeinamia cherehani. Nilitegemea nini.

Mto wa joto ni mzuri, nisiwe mchoyo wa sifa. Nimeuegemea kwenye kiti, nusura nisinzie. Ila joto lake linaishia juu juu. Mdogo wangu alikuwa anaingiza kiwiko pale pale, bila kuuliza ni wapi. Tuliishi wawili chumba hiki tangu mama atutoke. Nikifunga kazi nalala kifudifudi, yeye anapanda kitandani na chupa yake ya mafuta. "Dada, una mawe humu. Unajenga?" Nacheka huku machozi yananitoka.

Sasa nani anichekeshe — nyaya?

Jumapili, 9 Machi

Leo vibandiko. Kuna jambo hakuna aliyelifikiria: mkono wangu haufiki pale. Kupitia juu haufiki, kupitia chini haufiki. Nimejipinda mbele ya kioo kama mtu aliyeingiwa na sisimizi. Kibandiko kimoja kimenasa kwenye nywele, cha pili kimeganda kwenye gauni.

Nimekaa kitandani nikalia kidogo. Si maumivu. Ni hiki kitu kuja kwa mtu anayeishi peke yake, kumbe chenyewe kinataka watu wawili.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda nacho kazini. Mama wa duka la vitambaa, tunayepakana ukuta, ndiye aliyenibandika. Vidole vya baridi, mdomo haupumziki. Aliuliza kama na mimi sioni haya kukaa bila mume wakati mdogo wangu kajipatia wa kwake akiwa na mvi kichwani. Nikamwambia abandike, asihubiri. Akabonyeza kitufe, nguvu ikapanda, bega likaruka lenyewe, nikapiga ukelele, mteja mlangoni akarudi nyuma. Mama wa duka akasema alidhani ni kitufe cha kupunguza. Tukacheka mpaka tukashika meza.

Tukashusha. Ikawa kama vidole vinavyogonga polepole kutoka ndani. Tulipotoa vibandiko, niligeuza shingo nikaona mlango wa nyuma. Shingo peke yake, bila kujigeuza mzima mzima! Nilishasahau kwamba inawezekana.

Jioni mdogo wangu akauliza, "Mgongo vipi?"

"Hivyo hivyo," nikasema.

Sijui kwa nini. Najua. Nikipona, atapiga simu kuuliza nini?

Ijumaa, 14 Machi

Nimegundua njia. Kibandiko nakiegesha mgongoni mwa mwiko, nalenga kwa kioo, nakandamiza. Kinakaa. Simhitaji mtu.

Nimeandika hilo kisha nikalisoma tena. Si jambo la kujivunia kama nilivyodhani.

Jumamosi, 22 Machi

Bega limelegea. Kweli kabisa. Joto asubuhi, vibandiko jioni, katikati nasimama na kujinyoosha kama yule mtaalamu alivyoelekeza. Leo nimeshona tangu kufungua hadi kufunga, na nilipoinuka niliinuka tu, kama watu wengine.

Nikawa nimeamua kumwambia. Akaniwahi. Shemeji — sisi tunamwita Breki, kwa kuwa ni fundi wa breki za malori — amepewa usimamizi wa karakana mpya. Mbali sana, mpakani huko, safari ya siku mbili. Nyumba wamepewa. Ina baraza na bomba la maji ndani. Alikuwa anaieleza kama mtu anayemsifia mtoto wake. Halafu akasema yeye hataenda. Breki atangulie. Hawezi kwenda mbali hivyo na dada yake hajiwezi mgongo.

"Au unaendeleaje?" akauliza.

Mteja ameingia, nikasema. Hakukuwa na mteja.

Jumatano, 26 Machi

Yuko hapa. Amekuja na basi la asubuhi, bila kuniambia, na begi kubwa kuliko la mtu wa kulala siku mbili. Amenenepa kidogo, amependeza. Tumekula, tumemsengenya mama wa duka, tumecheka. Chumba kimejaa.

Kisha akasema, "Haya, lala nikukande."

Nikalala. Ningeweza kusema pale pale. Mdomo ulikuwa tayari. Lakini mikono yake ikagusa mgongo — ina joto, inajua njia — nikasahau nilichotaka kusema. Akatafuta. Nilimsikia anatafuta. Akakandamiza chini ya mfupa wa bega, hakukuwa na kitu.

"Hapa?"

"Hapo hapo," nikasema. Nikavuta na pumzi, kama mtu anayeumwa.

Akakanda kwa muda mrefu. Kisha akasema vizuri amekuja kuona mwenyewe, kwa simu ningemdanganya kwamba nimepona. Breki anaondoka Ijumaa. Yeye amekata shauri. Atabaki nami mpaka nipone. Alisema akinipangusa mafuta, nami nilikuwa nimelaza uso kwenye mto, sikuona uso wake. Sauti ilikuwa ya kawaida. Ya kawaida kupita kiasi.

Sasa anaoga. Naandika haraka. Begi lake liko wazi kitandani, na juu ya nguo kuna pazia jipya, la baraza nadhani, halijapindwa ncha. Amelileta nimshonee. Hajalitaja.

Simu yake inaita mezani. Breki.

"Dada," ananiita kutoka bafuni, maji yanamwagika, "nipokelee! Mwambie nimebaki. Mwambie wewe, mimi nitalia."

Nimeishika. Bado inaita.