Moshi wa Asubuhi

Kidahwe,
Kigoma.
14 Julai 2024

Mpendwa binti yangu Frida,

Marahaba, mwanangu, najua umeniamkia hata kabla ya kufungua bahasha. Hujambo? Thobias na watoto hawajambo? Joto la Lindi mmelizoea? Mimi mzima, ila miguu inalalamika nikipandisha maji mlimani.

Jiko la gesi ulilonitumia linafanya kazi. Chai inachemka kabla sijaona sukari ilipo. Marehemu mama yako angelifunika kitambaa na kukataza mtu asiliguse.

Lakini nikuambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu: nimerudia kuni.

Unakumbuka huku mlimani tunavyojuliana hali. Jirani yetu Leonia, ng'ambo ya bonde, akiamka hutazama kama paa langu linafuka moshi, nami hutazama lake. Juma la kwanza la gesi, paa langu likawa kimya. Leonia akaja mbio na akina mama, kanga viunoni, wanalia. Wakanikuta nakunywa chai.

"Mzee Erasto, umetuua!" akasema, huku ananipigia makofi ya salamu na kunigombeza. Tulicheka sana. Tangu tumzike mama yako, nyumba haikuwahi kujaa vile.

Kumbe hapo ndipo nilipojiharibia. Wote wakajua Erasto ana gesi, hana moshi, basi hakuna tena wa kutazama. Mwezi uliopita homa ilinilaza, nikashindwa hata kufika mlangoni. Simu imezima. Nilimsikia Leonia akiimba shambani kwake, na sauti yangu haikutoka. Aliponiona baadaye nimekonda, alilia.

Frida, niliogopa. Kufa sikuogopi, niliogopa kufa watu wakidhani napika.

Kwa hiyo uji napika kwa gesi yako, na mafigani nakoka vijiti kila asubuhi bila chungu juu yake. Nikishawasha natoka nje, moshi usiniingie kifuani, nasimama mpaka Leonia anyooshe mkono. Halafu narudi ndani, na siku inakuwa ndefu. Usinikasirikie.

Nisalimie Thobias, na mjukuu wangu Elida umbusu. Shangazi yako Winfrida wa Bangwe anawasalimu. Mungu awafunike huko mliko.

Ukipata nafasi ya kuja, panda mlima mapema asubuhi. Utaniona tangu barabarani.

Ni mimi baba yako, nikupendaye,
Erasto