Kijito cha Brina

Jumatano, 3 Mei
Somo la sayansi limeharibika tena. Brina aliuliza kijito chetu kinaenda wapi baada ya kuzama kwenye shimo chini ya bustani. Swali zuri! Nikalidaka mimi — nikachora kilima, nikachora mapango, nikaeleza maji yanavyokula mawe ya chokaa. Nilipoinua kichwa, binti yangu alikuwa anachuna ngozi ya kidole. Nikauliza kama ameelewa. Akaitikia kwa kichwa tu.

Tulimtoa shuleni kwa sababu aliacha kuzungumza darasani. Sasa namfundisha mwenyewe jikoni, na hapo pia hazungumzi.

Mtihani ni tarehe 22, kule kule shuleni, kwa mdomo. Akishindwa, huenda akarudishwa kusoma huko.

Ijumaa, 5 Mei
Mume wangu Vinko kanisema nikimenya viazi. Eti yeye sayansi haijui, anajua kupiga randa tu, lakini kila asubuhi akiwa karakana anasikia sauti moja, na si ya mtoto. Nikanuna. Miaka yote ile niliyofanya kazi maabara, kule mjini Ljubljana, halafu yeye aniambie ninyamaze!

Jioni nikamwambia Brina kijito ni chake, atafute mwenyewe.

"Na wewe, mama, utafanya nini?"

"Nitabeba ndoo."

Akanitazama kama anayekagua yai.

Jumapili, 7 Mei
Brina kachemsha bitiruti zote za ghalani. Anataka kupaka maji rangi, kisha ayangoje kwenye chemchemi iliyo karibu na kinu cha zamani cha kusagia, upande wa pili wa kilima. Nilijua rangi itapotea. Ulimi uliniwasha! Nikabeba ndoo.

Maji yakawa mekundu kwa kufumba na kufumbua, yakazama. Kwenye chemchemi tukakaa mpaka mvua ikatukuta. Maji meupe tu. Brina alilia garini njia nzima. Maelezo yote nilikuwa nayo mdomoni — nikampa leso. Vinko akanitazama kwenye kioo, akaendelea kuendesha.

Jumanne, 9 Mei
Kifungua kinywa, mkate umejaa mdomoni:

"Mama, rangi imekufa njiani. Nataka kitu kisichoyeyuka."

Nikaingiza kichwa kabatini, eti natafuta jamu, asione uso wangu.

Akaenda karakana kumwomba baba yake maranda. Vinko anasema alihojiwa kama mshtakiwa: mbao gani, ina vanishi, samaki watadhurika? Akachagua mwaloni mtupu. Hilo la samaki hata mimi sikuwa nimelifikiria.

Jumamosi, 13 Mei
Yamo! Jana alimwaga gunia zima la maranda shimoni, leo kayakuta upande wa pili kwa chujio langu la chai. Vipande vichache, vimelowa, vyeusi kidogo. Lakini ni mwaloni wa Vinko, hakuna ubishi. Brina aliruka hadi viatu vikajaa maji.

Alizungumza njia nzima. Kamsimulia hata yule wa kituo cha mafuta, mtu asiyemjua! Sikupata nafasi ya kutia neno. Nimekula supu ya kabichi chachu sahani mbili, nikalala mchana kama mgonjwa aliyeachwa na homa.

Jumatatu, 22 Mei
Benchi la ukumbini, shuleni. Wazazi hawaingii. Mlango haukufungwa vizuri, nasikia.

Mwanzoni ni sauti ya mwalimu Hribar peke yake. Anauliza, kimya. Anauliza tena, kimya. Nikaanza kuwaza jinsi nitakavyomwambia Vinko.

Kisha Brina akaulizwa nyumbani amechunguza nini. Sauti yake ikatoka, ndogo, halafu si ndogo. Bitiruti. Mvua. Samaki. Mwalimu amecheka, kicheko cha kweli. Nimepumua!

Lakini Hribar si wa kucheka tu. Kauliza: kama alimwaga gunia zima na akapata vipande vichache, mengine yako wapi?

Jibu ninalo. Mlango uko karibu, hata kunong'ona kungetosha. Naandika ili mkono uwe na kazi.

"Sijui," Brina kasema. "Labda ndani kuna bwawa, yamekwama humo. Labda maji yana njia nyingine ya kutokea, sijaiona bado. Mwalimu, wewe unaonaje?"

Kiti kimelia. Mwalimu bado anafikiri.