Waya wa Nne

Fundi Mathenge,

Naandika nikiwa nimekalia kigoda chako hapa dukani Chaka. Mlango nimeuacha wazi kabisa, ingawa upepo wa mlima unanipiga mgongoni, kwa sababu siwezi tena kukaa humu mlango ukifungwa. Tangu tukuzike Wamagana, hata kuchomeka redio naogopa. Navaa ndara za mpira kwanza, halafu nafumba macho. Ungeniona ungecheka hadi ukohoe.

Ile mashine ya kuchezea gemu kwenye televisheni ilibaki mezani, kifuniko wazi, kama ulivyoiacha. Watu wa kanisa walikuja wakaiombea. Mama yako alisimama mlangoni akasema, "Hiyo kitu ndiyo iliua mtoto wangu. Jumamosi nataka ichomwe." Mimi niliangalia sakafu.

Hajui ulikuwa unamtengenezea yeye. Miezi yote ile ukipanda kwenda Nyeri kutumia kompyuta ya chuo, ulikuwa unaandika gemu yako mwenyewe: mwanamke anachuma kahawa Gakindu, nyekundu anaweka kikapuni, mbichi anaacha, la sivyo karani wa kiwanda anamrudishia debe lote. Shida ilikuwa mashine. Kila ikiwashwa, kabla ya kitu chochote inakagua diski, na isipokuwa ya kampuni iliyoitengeneza inaikataa. Ndiyo maana ulitaka kuiwekea kile kidude kidogo kama punje ya maharagwe, chenye waya nne, kiijibu mashine kwa niaba ya diski. "Ni kama kutafutiwa mtu wa kusema anakujua kwa ofisi ya chifu," uliniambia. Nilielewa hapo hapo.

Ulikuwa umeshaunga waya tatu, halafu stima ikapotea, umeme wa Chaka nzima. Hukutaka kungoja. Ukakipasha moto chuma cha kulehemu kwenye jiko la makaa, kama siku zote. Na mimi, kama siku zote, nikaiacha redio imewashwa ili ituambie stima ikirudi. Chaka nzima hufanya hivyo. Ukauliza, "Wangari, umechomoa mashine?" Nikasema ndio.

Nilikuwa nimechomoa televisheni, Fundi. Plagi zote mbili ni nyeusi, na sikugeuka kuangalia. Nilikuwa namenya viazi.

Redio ilianza kuimba, halafu ukaanguka. Nilikuvuta kwa kamba ya mbuzi. Watu walipofika nilisema stima ilirudi ghafla, na hilo ni kweli, na wote wakaridhika. Sijamwambia mtu hayo mengine. Usiku na mchana nasikia nikisema "ndio", kwa sauti nyepesi ya mtu ambaye hajali.

Jana niliunga waya wa nne. Nilichomoa kila kitu ukutani, nikapanga plagi zote mezani mbele yangu ili nizione, na bado nikaunguza kidole. Nilipomaliza nilirudisha kifuniko, nikatia diski yako, nikaichomeka pamoja na televisheni, nikabonyeza swichi kwa mpini wa mwiko nikiwa nimesimama karibu na mlango. Skrini ilikaa nyeusi. Nikasema basi, nimekuua mara mbili. Halafu akatokea yule mwanamke wa kahawa, na ni mama yako mtupu. Umemfunga kitambaa chake cha kichwa, na hata anatembea akivuta ule mguu wa kushoto. Nililia nikashindwa kumwendesha, karani akanirudishia debe.

Kwa hivyo mashine haitachomwa, nafikiri, mama akishamwona. Na hapo ndipo hofu yangu yote ilipo. Najua atakavyofanya. Ataangalia, atacheka kidogo, halafu atanishika mikono yote miwili na kuniita mwanawe. Atanishukuru. Stima naiogopa, lakini hiyo shukrani naiogopa zaidi, maana nikishaipokea sitaweza kufungua mdomo tena hadi nife.

Lala salama, Fundi wangu. Mengine yote nilijifunza kwako, ila kusema ukweli nikiogopa itabidi nijifunze mwenyewe. Nakuahidi hivi: Jumamosi mama akifika, mashine ataikuta imezimwa. Nitamkalisha kwenye kigoda, nimwambie habari ya ile plagi, ningoje aseme atakalosema. Ndipo nimuulize kama bado anataka niiwashe.

Wangari